Maji ya Majimoto kwenye Betri

Pikipiki ile niliiwasha mimi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu waliozaliwa baadaye wanadhani mume wangu alikuwa dereva na mimi mpika ugali. Dereva alikuwa yeye, sikatai. Lakini mguu wake wa kulia haukukunjika. Alianguka akiezeka kanisa la kigango, nyasi zikamteleza naye akaja chini na fito zake. Mganga wa mifupa alimfunga alivyoweza, mguu ukapona umenyooka kama mchi. Na kiki ya pikipiki iko kulia. Kwa hiyo yeye alikaa juu akashika usukani, mimi nikasimama pembeni, nikakunja kitenge mpaka magotini, nikapiga teke.

Mume wangu alikuwa katekista. Tulikaa kijiji kimoja kati ya Usevya na Majimoto, na vigango vyake, makanisa madogo aliyoyahudumia, vilitawanyika bondeni, kingine mbali kabisa, kule ambako watu wa ng'ombe kutoka Usukumani walikuwa wameanza kuhamia. Padri mzee, mzungu, alipokuwa anarudi kwao kufia huko, alimwachia pikipiki yake. Alimwambia mguu umevunjika kazini, basi kazi imlipe mguu mwingine. Na ilikuwa hivyo kweli. Shamba la mpunga lilikuwa limemshinda, mtu hawezi kupanda mpunga matopeni na mguu usiokunjika. Baiskeli ilimshinda. Bila pikipiki angebaki nyumbani, na katekista anayebaki nyumbani ni mzee tu mwenye rozari.

Basi nikaijua pikipiki kama nilivyomjua mtoto mgonjwa. Sikusoma, darasa la pili niliondolewa nikalee wadogo zangu. Kilichohitajika ni kuangalia, na macho nilikuwa nayo.

Ikigoma, naanza na ufunguo. Ukizungusha, kuna kitaa kidogo cha kijani. Kikiwaka vizuri, betri ina nguvu. Kikiwaka kama jicho la mlevi, piga honi. Honi ya betri nzima inarusha kuku. Honi ya betri mbovu inakohoa kama mbuzi. Ukiona taa nzima na honi nzima na bado haiwaki, achana na betri, fungua plagi. Iache kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini, piga kiki uangalie mdomoni mwake. Cheche ya bluu ni nzuri. Nyekundu ni dhaifu. Isipotoka kabisa, nenda kwenye platini, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, uvisugue na ubavu wa kiberiti. Plagi ikitoka imelowa petroli, umeinywesha mno, iache ikauke, ukae utulie na wewe. Hayo yote nilifundishwa na mume wangu akiwa amekaa juu yake, ananielekeza kwa fimbo.

Lakini kubwa ni betri. Kuna pikipiki zinazojitengenezea moto zenyewe, ukipiga kiki zinawaka hata betri ikiwa imetolewa. Ile yetu haikuwa hivyo. Moto wa plagi ulitoka kwenye betri. Betri ikifa, unaweza kuipiga mateke mpaka kiatu kiishe.

Watu walicheka, bila shaka. Mwanamke kupiga kiki mbele ya kanisa haikuwahi kuonekana. Kulikuwa na bwana mmoja wa pale kilabuni, kila Jumamosi akituona tunahangaika anauliza kwa sauti, "Mama katekista, huyo punda leo kakukosea nini?"

Nikamjibu, "Punda wangu akipigwa anaondoka. Wewe mkeo anakupiga na bado umekaa hapo."

Mume wangu akanikataza kujibizana na walevi. Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Shida ilianza kiangazi. Betri zile zina vifuniko juu, vitatu, kila kimoja na chumba chake, na ndani kuna maji makali na sahani za madini ya risasi. Jua likiwa kali maji yanapungua, unatakiwa uongeze. Padri mzee alituachia chupa ya maji ya betri, ikaisha. Alikuwa amesema wazi kwamba yakiisha tusitie ya kisima. Tutie ya mvua yaliyokingwa safi, au maji ya mvuke, yaliyopikwa mpaka uchafu wake ukabaki nyuma. Mvua kiangazi hakuna. Maji ya mvuke tungeyapata wapi? Sufuria tulikuwa nayo, lakini namna ya kukamata mvuke hatukuijua.

Mume wangu akalala nalo jambo hilo. Asubuhi akasema amepata. Kule Majimoto maji yanatoka ardhini yanachemka, moshi juu, hata mkono huwezi kutia. Watu wenye baridi yabisi walikwenda kujikanda. Na wakati ule watu wa zahanati walikuwa wanatusumbua kila siku tuchemshe maji, kwamba maji yaliyochemka ndiyo maji safi, na tulishawaamini. Basi yeye akaunganisha. Akasema maji ya mvuke ni yale, yamepikwa na Mungu mwenyewe, moto wake hauzimiki, uchafu gani utabaki? Akamweleza mwenyekiti wa kijiji, naye akakubali. Akamweleza mwalimu, akakubali. Mimi mwenyewe niliona ni akili. Siwezi kusema leo kwamba nilipinga, sikuwa na sababu ya kupinga.

Tukaenda Majimoto, tukachota kwenye chupa ya divai ya misa iliyooshwa. Tukaacha yapoe, mume wangu akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayatia polepole vyumba vyote vitatu mpaka kwenye alama, akafunga vifuniko. Akaifuta betri juu kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Ikawaka siku ile kwa kiki moja. Nani angejua?

Haikufa mara moja. Ingekufa mara moja tungeelewa. Ilianza kuchoka. Asubuhi honi inalia vizuri, akifika kigangoni na kuzima, kuiwasha tena ni kazi. Huko alikuwa amewafundisha wanaume kupiga kiki, wakapiga kwa zamu, wakarudi wanalalamika viuno. Nikaangalia plagi, cheche nyekundu. Nikasugua platini, hakuna kilichobadilika. Kwenye vichwa vya betri kukaota unga mweupe na kijani, nikauosha kwa maji ya moto na magadi, yale ya kulainishia maharage, ukachemka povu ukatoka. Ikapata nguvu kidogo, ikarudia.

Tukaanza kuipeleka kuchajiwa. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Majimoto alikuwa na namna yake ya kuchaji. Nilikuwa naibeba kichwani, ndani ya beseni, kata ya nguo chini yake. Vitenge vyangu viwili vikatoboka mabegani kwa yale maji makali, matundu madogo madogo kama ya panya. Wenzangu kisimani wakaniuliza kama nalala na moto. Mara ya kwanza ikichajiwa ilikaa wiki. Baadaye ikawa siku. Baadaye ikawa ukifika nayo nyumbani imelala. Na nikaona jambo. Inapochajiwa, vyumba vya pembeni vinatoa mapovu. Cha katikati kimekaa kimya kama maji ya mtungi. Nikamwambia mwenye mashine. Akasema labda kimeshiba. Nikamwambia hicho hakijala. Yeye kazi yake ni mpunga, simlaumu.

Mvua zikaanza. Maji safi yakawa yanamwagika kutoka kwenye bati la kanisa, tukajaza mapipa. Tukatia ya mvua, haikusaidia kitu.

Wakati huo misheni ikaletewa padri mpya, kijana, mtu wa kwetu huku huku. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alihesabu Jumapili ambazo kigango cha mbali hakikupata katekista, akaona ni nyingi. Wale wanaosubiri ubatizo walikuwa wamekaa bila mafundisho. Akaja nyumbani, akakaa, akanywa uji, akamwambia mume wangu kwa heshima kwamba Jumapili ya Matawi atapita kigango kile kwa gari lake akitokea upande mwingine. Akimkuta amefika mwenyewe, kazi ni yake. Asipomkuta, atamweka kijana mmoja wa kule mwenye baiskeli na miguu miwili.

Mume wangu akaitika, "Sawa, Padri." Padri alipoondoka mume wangu akaniambia niibebe betri niende Mpanda kwa fundi.

Nilipanda lori lililoleta chumvi na sabuni kwenye duka la kijiji. Njia ilikuwa matope, tulishuka kusukuma mara nyingi, mimi na betri yangu kwenye beseni, nimeikumbatia isimwagike. Mpanda nikaelekezwa mtaa wa Kawajense, kwa fundi aliyekuwa anafanyia kazi barazani kwa nyumba yake. Mtu mnene, mcheshi, ana mafuta mpaka kwenye nyusi. Akachukua kitaa kidogo chenye nyaya mbili, akagusisha kwenye vichwa vya betri. Kitaa kikawaka rangi ya kaa la moto, kikafifia, kikazima, kama mtu anayefumba macho. Akafungua vifuniko, akachungulia, akaniangalia.

"Mama, hii mmeinywesha nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya Majimoto. Yanatoka yanachemka."

Akageuka akamwita jirani yake, fundi wa baiskeli. "We njoo usikie. Kule kwa Wapimbwe betri zinakandwa baridi yabisi." Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Niliwaacha wacheke. Walipomaliza nikawauliza kosa liko wapi, maji yamechemka.

Akaacha kucheka. Akatia kijiti chumba cha katikati, akakwangua, akanionyesha. Kilikuwa na ukoko mweupe.

"Yanachemka, mama, lakini yana chumvi ya ardhini. Umewahi kuona sufuria ya chumvi ikikauka? Sahani zimefanya hivyo. Cha katikati kimekufa, hivi viwili vinakifuata."

"Ichaji tena."

"Maiti unaichaji?"

Nikamwambia habari ya padri na Jumapili ya Matawi. Nilimwambia yote, na mguu pia. Tukaenda wote madukani kutafuta betri mpya. Ilikuwa wakati wa vita vya Uganda, magari yamechukuliwa, maduka yana viberiti na dawa ya mbu basi. Duka la mwisho mwenye duka alituonyesha rafu ambayo betri zilikuwa zinakaa. Alama zake zilikuwa bado kwenye vumbi. Akasema vita vikiisha. Fundi akanirudisha barazani, akaimwaga betri, akaiosha kwa maji ya mvua, akaitia maji makali aliyokuwa ameyabakiza kwenye betri ya lori bovu, akaichaji usiku kucha. Asubuhi kitaa kikawaka cheupe kidogo.

"Sikuahidi kitu, mama," akaniambia. "Itawapa moto wa kuwasha. Kuutunza haiwezi. Ikishawaka isizimwe mpaka afike anakokwenda. Akisimama, mkono usiachie mafuta. Ikizimwa njiani, imezimwa."

Maneno hayo niliyarudia njia nzima kwenye lori ili nisipoteze hata moja, nikamfikishia mume wangu kama nilivyopewa. Akayarudia mbele yangu. Betri tukaitenga, nyaya hazikugusishwa hata kwa majaribio. Tuliiweka ndani kama mgonjwa, watoto hawakuruhusiwa kukaribia.

Asubuhi ya Matawi kulikuwa na ukungu. Alivaa kanzu yake nyeupe, akaikunja juu ya magoti, akafunga matawi ya mkindu nyuma ya kiti. Nikaunga nyaya. Kitaa kikawaka. Hatukupiga honi, tuliogopa kuimaliza. Kiki ya kwanza ikakohoa. Ya pili hivyo hivyo. Akaniambia, "Mama, piga kama unamchukia mtu." Nikapiga. Ikashika. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na sijaisikia tena. Akaondoka hakugeuka nyuma, alikuwa anaogopa kuachia mkono.

Yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa wanawake waliokuwapo.

Alikuwa ameshavuka bonde la mpunga, kigango hakiko mbali tena, akakuta watu barabarani na jeneza dogo. Mtoto wa familia moja ya Kikristo, aliyekufa usiku kwa homa. Walikuwa wanakwenda kumzika wenyewe, hawana wa kuwaombea. Walipomwona na kanzu yake wakapiga magoti matopeni. Kwetu huwezi kulipita jeneza. Mwendesha baiskeli anashuka, mwenye mzigo anautua, hata mlevi anavua kofia. Na yeye alikuwa katekista. Akasimama.

Akajaribu. Aliwaambia hawezi kuizima, ana shida na betri, ataombea akiwa juu yake. Akaanza sala huku mkono wa kulia unashikilia mafuta, pikipiki inanguruma, moshi unaingia kwa wafiwa. Mama wa mtoto akawa anaziba masikio. Hakuna aliyekuwa anasikia neno. Babu wa mtoto, mzee kabisa, akamsogelea, akamwekea mkono juu ya mkono, akasema taratibu, "Zima hiyo kitu, mwanangu. Tunazika mtu, hatusagi mahindi."

Mume wangu akazungusha ufunguo.

Nilimuuliza baadaye kama alifikiri kwanza. Akasema alifikiri sana. Akasema alijua kabisa.

Walizika vizuri. Alimwombea mtoto mpaka mwisho, wakaimba, wakaweka maua ya porini. Halafu wanaume wakaja kumwashia. Wakapiga kiki mmoja mmoja, wakaisukuma kwenye mteremko, ikateleza matopeni bila hata kukohoa. Kitaa cha kijani hakikuwaka kabisa. Walijaribu mpaka jua likawa juu, na jua likiwa juu padri alikuwa ameshafika kigangoni, amekuta watu wameshika matawi yao wamekaa kwenye nyasi, na kijana wa baiskeli amewapanga mistari.

Mume wangu alirudishwa nyumbani jioni kwa mkokoteni wa ng'ombe wa Msukuma mmoja, pikipiki imelazwa ubavuni, yeye amekaa juu yake ili isiteleze. Kanzu ilikuwa matope mpaka kifuani. Nilimletea maji ya kuoga. Matawi yalikuwa bado yamefungwa nyuma ya kiti, niliyafungua nikawapa mbuzi.

Padri alikuja baada ya Pasaka. Mume wangu akakaa na fimbo yake. Nikasema mimi. Nilimweleza jeneza, babu, ufunguo, kila kitu, na fundi alivyotuonya. Padri alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, sitamsingizia roho mbaya.

Akasema, "Mzee, ulifanya vizuri kusimama. Ningekuwa mimi ningesimama. Na kazi nimempa yule kijana."

"Yote mawili?" nikamuuliza.

"Yote mawili, mama. Watu wa kule hawawezi kusubiri betri."

Nimetafuta kwa miaka na sijaona mahali ambapo padri alikosea, wala mume wangu, wala yule babu. Ingekuwa nafuu kama ningeona.

Kijana alikuja kuchukua sanduku la vitabu. Alikuwa na adabu, akavua viatu mlangoni. Mume wangu akamchorea chini kwa fimbo njia za kiangazi na njia za masika, wapi mto unapitika, nyumba gani wana mbwa mkali, bibi yupi haoni na apelekewe komunyo kitandani. Kijana akauliza vizuri, akaelewa. Akafunga sanduku kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaondoka. Pikipiki ikapelekwa misheni kwa kusukumwa. Sikuuliza waliifanya nini.

Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Mume wangu akasema na yeye afanye kitu, basi akaenda kuamia ndege. Hiyo ni kazi ya watoto, mnajua. Wanakaa shambani na kopo lenye mawe, kwelea wakishuka wanalitikisa na kupiga kelele. Wenzetu wanajengewa kichanja juu, lakini yeye hakuweza kupanda, akakaa kwenye kichuguu, mguu umenyooshwa mbele yake. Jumapili pia alikwenda, kwa sababu ndege hawajui Jumapili. Yule kijana alipita njia ya shambani kwetu kila Jumapili asubuhi akizungukia vigango, akapiga kengele ya baiskeli na kusema shikamoo. Mume wangu aliitikia marahaba, akatikisa kopo.